Je, Babu Zetu Walichelewa Kulima?

"Nafundisha historia katika shule ya sekondari huku Busia, Kenya. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba kilimo kiligunduliwa Mashariki ya Kati miaka 10,000 iliyopita, watu wakaacha kuhamahama, wakajenga vijiji, kisha ujuzi huo ukasambaa hadi ukafika Afrika. Muhula uliopita msichana mmoja akaniuliza: kwa nini sisi tulichelewa hivyo? Nilikosa la kumjibu. Baadaye jirani yangu alikuwa akilima, akafukua jiwe la kusagia, kubwa, limelika katikati. Je, hilo si ushahidi kwamba hapa palikuwa na wakulima tangu zamani hizo? Na jambo la mwisho: nasikia wakulima wa mwanzo walikuwa wafupi na wagonjwa kuliko wawindaji. Kama ni kweli, kwa nini walikubali kulima?"

Mwalimu, mwambie msichana huyo kwamba hakuna aliyechelewa. Najua jibu hilo peke yake halitamridhisha, na akiwa mwerevu kama anavyoonekana atakubana kwa swali la pili, kwa hiyo nitakupa maelezo ya kutosha kumkabili. Nitaanza na ngano, ingawa wewe uko Busia kwenye wimbi na mtama, kwa sababu kosa la kitabu linaanzia huko.

Kwenye tarehe kitabu hakijakosea sana. Katika ukanda unaoanzia Palestina na Jordan, ukapanda Syria na kusini mwa Uturuki, ukateremkia Iraq na magharibi mwa Iran, watu walikuwa wakipanda ngano, shayiri, dengu na njegere kati ya miaka 11,500 na 10,000 hivi iliyopita. Kosa limo katika ile picha ya mtu mmoja mwerevu aliyeona mbegu ikiota kando ya jalala, akawaita wenzake waje waone maajabu. Watu wanaoishi kwa kuchuma na kuwinda wanajua fika kwamba mbegu huota. Wanajua huota wapi, lini, na ni ipi inayoumiza tumbo isipolowekwa.

Ushahidi upo. Mwaka 1989 maji ya Ziwa la Galilaya yalipopungua, ufukweni palijitokeza mabaki ya vibanda vya matawi vya miaka 23,000 iliyopita, mahali panapoitwa Ohalo II. Ndani yake kulikuwa na maelfu ya mbegu na matunda yaliyoungua, ikiwamo shayiri na ngano mwitu, pamoja na jiwe la kusagia ambalo chembe za wanga zilikuwa bado zimenasa juu yake. Lishike hilo jiwe akilini, tutalirudia tukifika shambani kwa jirani yako. Na huko Shubayqa, kaskazini-mashariki mwa Jordan, watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba wamepata makombo ya mkate wa miaka 14,400 iliyopita. Mkate huo uliokwa maelfu ya miaka kabla ya shamba la ngano!

Basi kama ujuzi ulikuwapo, nini kilibadilika? Kilichobadilika ni mmea wenyewe, na hapa naomba uvumilivu, maana ukilielewa hili utakuwa umeelewa nusu ya somo zima.

Suke la ngano mwitu likikomaa huvunjika lenyewe kwenye viungo vyake, punje zikapukutika chini na kujizika. Ndivyo mmea unavyojizalia. Lakini katika kila eneo huwa kuna mimea michache yenye kasoro ya kuzaliwa: suke lake halivunjiki, punje zinang'ang'ania shinani. Porini mmea wa namna hiyo hufa bila uzao. Sasa aje mtu na mundu. Anapokata, masuke yaliyokwisha kupukutika yanamponyoka, na yale yenye kasoro yanaingia kikapuni yote. Akipanda sehemu ya alichovuna, mwaka unaofuata yale yenye kasoro yameongezeka kidogo. Rudia hivyo kizazi baada ya kizazi, na siku moja shamba zima limejaa ngano isiyoweza kuzaa bila mtu kuipura na kuipanda. Kufikia hapo mmea unamtegemea binadamu, na binadamu, ambaye idadi yake imekwisha kuongezeka kwa sababu ya chakula hicho, anautegemea mmea.

Zamani tulidhani jambo hili lilikwenda haraka. Mwaka 1990 Gordon Hillman na Stuart Davies walipiga hesabu wakaona kwamba, masharti yote yakitimia, badiliko lingeweza kukamilika ndani ya miaka 200 au pungufu. Kisha tukaanza kuyahesabu makovu yenyewe. Kila punje inapotengana na suke huacha kovu: likiwa laini, suke lilivunjika lenyewe, likiwa limechanika, kuna mtu aliyelipura. Hesabu za makovu hayo kutoka vijiji vya Syria na Uturuki zinaonyesha kwamba ngano na shayiri ya mwitu na ya shambani vilikaa pamoja katika mavuno kwa miaka 2,000 au 3,000. Watu walikuwa wakivuna mapema kabla hazijakauka, au wakikung'uta masuke juu ya kikapu (na ukikung'uta unachukua zile zinazopukutika, yaani unachagua kinyume kabisa), au mwaka mbaya ukija wanarudi porini kutafuta mbegu. Katika miaka hiyo yote hakuna mtu ambaye angeweza kusema, "Leo nimekuwa mkulima."

Pia ule mfuatano wa kulima kwanza, kutulia baadaye, ni vyema uuondoe ubaoni. Huko Mashariki ya Kati watu walikuwa na nyumba za mawe na makaburi chini ya sakafu kabla hawajalima. Wajenzi wa Göbekli Tepe, kusini-mashariki mwa Uturuki, waliosimamisha nguzo za mawe za mita tano yapata mwaka 9500 KK, walikula swala na nafaka mwitu. Kwenu huko, wavuvi tunaowaita wa Kansyore, kandokando ya Ziwa Victoria na mito yake, walifinyanga vyungu maelfu ya miaka kabla ya kuwako shamba wala zizi. Mashariki ya Kati nako walilima kwa maelfu ya miaka bila chungu hata kimoja. Kijiji, chungu, shamba, mfugo: vitu hivi havikuja vimefungwa katika furushi moja.

Wala havikuja mahali pamoja. Mpunga uliibuka katika bonde la Yangtze nchini China. Mahindi yalitokana na nyasi mwitu ya kusini-magharibi mwa Mexico yapata miaka 9,000 iliyopita. Na milimani New Guinea watu walichimba mifereji ya kilimo huko Kuk bila kuambiwa lolote na mtu wa Syria. Afrika iliibua mazao yake yenyewe, tena si machache: mtama, uwele, wimbi, kunde, viazi vikuu, mpunga wa Afrika Magharibi, na tefu ya Ethiopia. Ukitaka kuwachekesha wanafunzi, waambie kwamba katika sahani yetu ya "chakula cha asili", mahindi na muhogo ni wageni wa miaka isiyozidi 500, ilhali kunde zilizo kando ni za Afrika kwa asili.

Sasa tuje kwenye kuchelewa.

Kati ya miaka 11,000 na 5,000 iliyopita, Sahara haikuwa jangwa. Ilikuwa na nyasi, maziwa, viboko na samaki. Huko Nabta Playa, kusini mwa Misri, watu walikuwa wakivuna mtama mwitu zaidi ya miaka 8,000 iliyopita. Kwa nini hawakuugeuza kuwa wa shambani upesi? Sababu moja imo katika maua. Ngano na shayiri hujichavusha zenyewe kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo kasoro ile yenye faida hubaki ndani ya ukoo. Uwele, na kwa kiasi fulani mtama, huchanganya chavua na jamaa zao wa porini walio jirani. Kila ukipiga hatua moja, upepo unakurudisha nusu. Mtama wa shambani wa zamani kuliko wote tunaoujua unatoka karibu na Kassala, mashariki mwa Sudan, kati ya mwaka 3500 na 3000 KK. Namna ulivyopatikana inanifurahisha hadi leo: mfinyanzi alichanganya makapi kwenye udongo, makapi yakaungua tanuruni yakaacha alama zake ndani ya vigae, na watafiti wakayasoma makovu kwenye alama hizo. Uwele wa shambani nao unaonekana Mali yapata mwaka 2500 KK.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nami naiona kuwa ndiyo jibu la msichana wako. Katika nchi ambayo mvua yake haina ahadi, shamba ni dhamana mbaya. Shamba haliwezi kuhamia kule ilikonyesha. Ng'ombe anaweza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya Afrika ilichagua mfugo kabla ya jembe. Hata punda, ambaye dunia nzima imemtumia kubeba mizigo, utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2022 unaonyesha alifugwa kwanza huku mashariki mwa Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita. Sahara ilipokauka, wafugaji walisogea kusini pamoja na ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kabla ya miaka 4,000 iliyopita walikuwa wamekwisha kufika kandokando ya Ziwa Turkana.

Huko, magharibi mwa ziwa, Lothagam Kaskazini, wafugaji hao walichimba shimo kubwa, wakazika humo watu wasiopungua 580 katika kipindi cha karne kadhaa, wakalifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo juu yake. Wamezikwa wanaume na wanawake, wazee na watoto wachanga, na karibu kila mmoja ana mapambo yake. Haonekani mfalme aliyetengewa mahali pake. Vitabu vingi bado vinafundisha kwamba kazi kubwa ya pamoja huhitaji kwanza ghala la nafaka na mtawala wa kuligawa. Lothagam haina ghala wala mtawala.

Baada ya hapo msafara ulikwama. Kuna karne nyingi kati ya ng'ombe wa Turkana na kuenea kwa ng'ombe katika nyanda za kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na maelezo yenye nguvu, aliyoyatoa Diane Gifford-Gonzalez, ni maradhi. Mfugaji wa leo anayajua bila kufundishwa: ndorobo inayoenezwa na mbung'o, ndigana kali inayotoka kwa nyati, na ule ugonjwa ambao nyumbu huuacha malishoni wanapozaa. Kila bonde jipya lilidai kujifunza upya wapi pa kulisha na msimu gani wa kuhama. Walipokwisha kujifunza walienea hadi Luxmanda, mkoani Manyara, yapata miaka 3,000 iliyopita. Miili yao pia ilibadilika. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilionyesha kwamba uwezo wa watu wazima wa Kenya, Tanzania na Sudan kunywa maziwa bila kuumwa tumbo unatokana na mabadiliko ya vinasaba yasiyofanana na yale ya Wazungu. Kwa hiyo mwanafunzi wako akisema "tulichelewa", muulize: katika mbio zipi? Watu hawa walitatua tatizo jingine, na walilitatua vizuri kiasi kwamba jibu lao bado linalisha watu kutoka Turkana hadi Simanjiro.

Mazao yalifuata, na hapa una bahati, maana ushahidi uko mlangoni pako. Katika pango la Kakapel, kwenye vilima vya Chelelemuk huko huko Busia, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao walichukua udongo wa kila tabaka wakautia majini. Udongo huzama, mbegu zilizoungua huelea. Matokeo yalitolewa mwaka 2024: kunde za miaka 2,300 iliyopita, na mtama na wimbi uliokuwa ukitumika hapo kufikia miaka 1,000 iliyopita. Kunde hizo ndizo za zamani kuliko zao lolote la shambani lililopimwa umri wake kwa uhakika katika Afrika Mashariki ya ikweta. Si kwamba hakuna aliyepanda kabla ya hapo. Mbegu hubaki pale tu zilipoungua bila kuwa majivu, na kwa miaka mingi wachimbaji wengi hawakuwa wakizitafuta kabisa; walitaka mawe na mifupa. Nitashangaa tarehe hiyo isiposogezwa nyuma.

Sasa afya. Ulichosikia kina ukweli, ingawa hupigiwa chumvi. Mfano ninaoutumia ni Abu Hureyra, kijiji kando ya mto Furati nchini Syria, kilichochimbwa haraka mwaka 1972 na 1973 kabla bwawa la Tabqa halijakifunika. Theya Molleson alipoichunguza mifupa ya wakazi wake alikuta magoti yaliyochakaa, uti wa mgongo ulioumia upande wa chini, na vidole gumba vya miguu vilivyopindwa na kuharibika, hasa kwa wanawake. Ni mwili wa mtu aliyepiga magoti saa nyingi kila siku akisukuma jiwe mbele na nyuma. Bibi zetu wangemwelewa bila kuonyeshwa picha. Meno nayo yalisagika kwa changarawe iliyomo kwenye unga. Huko Çatalhöyük, Uturuki, ambako nyumba zilibanana hadi watu wakaingilia darini, mifupa mingi ina dalili za maambukizi na meno yameoza kwa wanga. Watu waliorundikana pamoja na mifugo na takataka zao huambukizana, na anayetegemea nafaka moja au mbili hukosa madini ambayo mchumaji huyapata katika mimea mingi tofauti.

Lakini usiwafundishe kwamba mwindaji aliishi peponi. Watoto wengi walikufa huko pia, na si kila jamii iliyoanza kulima ilidhoofika. Pale ambapo watu walichanganya shamba, samaki na mawindo, mifupa haionyeshi tofauti kubwa.

Kwa nini walikubali? Kwanza hawakuulizwa. Badiliko la miaka 3,000 halimpi mtu yeyote nafasi ya kulinganisha mwanzo na mwisho. Pili, na hili ndilo zito, wakulima walizaa haraka zaidi. Kina mama wa Kisan, wawindaji na wachumaji wa jangwa la Kalahari, waliochunguzwa karne ya 20 walikuwa wakijifungua kila baada ya miaka mitatu na nusu hadi minne; walitembea sana, na mtoto alinyonya muda mrefu. Anayeishi mahali pamoja na ana nafaka anaweza kumpikia mtoto uji, akamwachisha ziwa mapema, akashika mimba tena. Kila mmoja anaweza kuwa mdhaifu kidogo kuliko babu yake mwindaji, na kijiji bado kikakua. Vizazi vichache baadaye watu wamekuwa wengi kuliko pori linavyoweza kulisha. Hata wakitamani kurudi, njia imefungwa. Mimi siiti hiyo kosa, kwa sababu hakuna aliyeamua. Wenzangu wengine huiita mtego, na sina ugomvi nao.

Kuhusu mtihani: mtahini akiuliza ushahidi wa kilimo cha kale kuliko vyote, Mashariki ya Kati bado ni jibu sahihi, na sikushauri uwaponze watoto kwa ajili ya mabishano yetu. Ila waambie kwamba hilo ni jibu la ngano na shayiri, kisha uwape Kassala, Lothagam na Kakapel juu yake. Ukitaka kurekebisha sentensi moja tu daftarini mwao, rekebisha ile inayosema kilimo kilienea hadi kufika Afrika. Misri ndiyo iliyopokea ngano na shayiri kutoka upande ule. Mtama haukupokewa kutoka popote.

Na jiwe la jirani yako: peke yake halithibitishi kilimo. Umeona kwamba huko Galilaya walisaga nafaka mwitu miaka 23,000 iliyopita, na mawe ya namna hiyo yametumika pia kusagia rangi nyekundu ya udongo. Kwa upande mwingine, magharibi mwa Kenya wimbi lilisagwa kwa mawe hadi juzi juzi, kwa hiyo lako laweza kuwa la miaka 3,000 au la mama mkwe wa bibi yake jirani. Jiwe halina umri wa kupimwa. Kinachopimwa ni mkaa, mfupa au mbegu iliyo kando yake kwenye tabaka lile lile.

Hapa ndipo mimi wa mbali nisiyeliona siwezi kukusaidia zaidi. Unahitaji mtu aje alione lilipo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayepata kitu cha kale nchini Kenya atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa, nawe unaweza kuanzia makumbusho ya Kisumu au Kitale. Kuliweka shuleni kama kielelezo kunavutia, na kwa wanafunzi kuna faida, lakini fanya hivyo baada ya wao kuliona na kukubali. Kwa sasa lipige picha ukiweka rula kando yake, pima lilikuwa kina gani ardhini, na hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu yako. Kama kuna vigae au mkaa, viache pale pale. Zaidi ya yote, msilioshe. Chembe za wanga na mabaki ya mimea hukaa ndani ya vitundu vya jiwe kwa maelfu ya miaka, na ndoo moja ya maji yenye sabuni inatosha kufuta jibu unalolitafuta. Kama mama wa nyumba amekwisha kulisugua, toeni taarifa hata hivyo, na mwombe jirani aache kipande hicho bila kulimwa mpaka mtu wa makumbusho afike.